Kitenge cha Mwongozi Juu ya Friji

Ngoie mwanangu,

Sweta nimeiweka juu kabisa ndani ya sanduku. Mambo ya maji ya kuchemsha na ya vijana wa stesheni nimekwisha kuyasema mpaka ukanicheka, kwa hiyo hapa sitayarudia. Sasa ni jioni, mvua imeanza, baba yako bado yuko kazini Panda, na wewe umekwenda kumuaga shangazi yako. Nimekaa kwenye meza iliyo mbele ya friji kwa sababu hatuna meza nyingine. Nataka nimalize kuandika kabla hujarudi. Ukiwa mbele yangu nitalia, na leo sitaki kulia.

Kesho asubuhi unapanda treni ya Lubumbashi kwenda shule ya wauguzi bila ile karatasi ya mwenendo mwema. Masista walikwisha kukukubali, alama zako zimetosha, kilichokuwa kimebaki ni sahihi ya Papa Kasongo, mkuu wa chama katika mtaa wetu, naye amekataa kuiweka. Hujui kama masista watakupokea hivyo hivyo au watakurudisha nyumbani. Mimi pia sijui. Mtaa mzima wa Kikula unasema mama yake Ngoie amemponza mtoto wake kwa ajili ya kitambaa. Baba yako hasemi kitu, lakini nikimtazama anavyotafuna matonge ya bukari yake kimya, najua anayasema hayo hayo moyoni.

Basi sikiliza. Nakupenda mpaka kifua kinaniuma nikitazama lile sanduku, na bado sitakuomba msamaha. Nitakusimulia jambo lote lilivyokuwa, kwa sababu huko uendako watu watakusimulia nusu yake. Na kuna kipande kidogo ambacho hata wewe, uliyekuwa umesimama palepale, hukukiona.

Friji hii ilipoingia Kikula ulikuwa bado mgongoni. Mzungu mmoja wa kiwandani alikuwa anarudi kwao, akamwachia baba yako, nayo ikaja juu ya mkokoteni, watoto wa mtaa wakiimba nyuma yake kama maharusi. Tungeweza kukaa kambini Panda, katika nyumba ya kampuni, na maji ya kampuni, na umeme wa kampuni. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia baba yako kwamba nyumba ambamo mtu anaweza kuingia kukagua sufuria zangu siwezi kuiita nyumba yangu. Tukaja kujenga hapa, tofali juu ya tofali, na friji ikawa ndiyo shamba langu. Ndani yake nimeuza munkoyo baridi niliyoipika mwenyewe kwa unga wa mahindi, nimeuza barafu, nimelaza samaki wa Mama Mwansa wanaotoka ziwani Tshangalele wakisubiri soko la kesho. Viatu vyako vya shule vilitoka humo, na vitabu pia.

Na kama kila mwanamke wa hapa mwenye friji, sikuiweka jikoni. Unajua sisi tulivyo. Friji inakaa sebuleni, ukutani, ili mgeni aione kabla hajaona kiti cha kukalia. Na haikai uchi. Nilipokuwa msichana tulifundishwa kufuma kwa sindano ya ndoano, na nguo ya kwanza niliyoifuma baada ya kuolewa ilikuwa ya friji, nyeupe, yenye maua pembeni. Ilifunika juu tu, ikaishia kabla ya mlango. Ilikuwa fupi kwa sababu uzi uliniishia, si kwa akili yangu, lakini miaka yote ile friji haikuwahi kunisumbua.

Halafu ikaja amri kwamba kila mahali panapouzwa kitu, uso wa Rais uonekane. Sisi tumezoea kumwita Mwongozi, au Guide kwa Kifaransa, maana ndivyo tulivyoambiwa tumwite. Wenzangu walitundika picha. Sisi Papa Kasongo alituletea kitenge kizima, cha sikukuu ya chama, kipya, chenye harufu ya duka, na ule uso mkubwa katikati. Alikitandika kwa mikono yake mwenyewe, akakivuta huku na huku mpaka uso ukaangukia sawasawa kwenye mlango.

“Mama Ngoie, hapa njo kila muntu anaangaliaka,” alisema. “Bantu banakuya juu ya munkoyo, banaangalia frigo. Basi bamuone Guide.”

Wateja wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, mwanangu, usije ukadhani mama yako alizaliwa na kichwa kigumu. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na nikampa Papa Kasongo munkoyo ya bure.

Mvua zilipoanza mwaka ule, friji ikaanza kutoa jasho. Asubuhi nilikuta matone yamepangana pembezoni mwa mlango wote, yanachuruzika mpaka sakafuni, na chini kuna kidimbwi. Napangusa, saa za mchana kimerudi. Mimi nikaamini inavuja. Nilijua maji yanatoka ndani, maana barafu iko ndani, na kitu kinachotoa maji si lazima kiwe na maji tumboni? Basi nikafanya kila ujinga ambao mwanamke mwenye haraka anaweza kuufanya. Nilizungusha kile kitufe cha baridi mpaka mwisho, nikifikiri friji inayotoa jasho inaona joto kama mtu. Jasho likazidi. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli ya baba yako, nikafunga mlango kwa kuuzungusha kiunoni mwa friji. Ukawa unaruka na kunichapa usoni kila mteja akitaka kinywaji, na bado maji yanashuka. Nikaita mafundi wawili wa mtaani, mmoja akasema gesi, mwingine akasema mota, na wote wawili walikunywa munkoyo wakaenda zao.

Na wewe nilikuchapa. Nilisema umeacha mlango wazi usiku, ukasema hukuuacha, nikakuchapa tena kwa kubisha. Ulikuwa hukuuacha. Hilo nakuomba msamaha, na ni hilo peke yake.

Mambo yakaharibika. Samaki wa Mama Mwansa waliolala mlangoni waliamka wananuka. Alikuja akawainua mmoja mmoja kwa mkia, akanitazama.

“Mama Ngoie, ba samaki yangu banakufa mara mbili. Mara moja ku Tshangalele, mara ya pili ku nyumba yako.”

Nilicheka naye, kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani na aibu yangu. Mama Mwansa ana watoto wengi kuliko mimi na hana mume. Kama angepeleka samaki wake kwa mtu mwingine ningemwelewa, na nusu ya shamba langu ingekwenda naye.

Na kitenge nacho. Kilikuwa kinalowa kila siku na kukauka nusu, basi kikaota ukungu. Ulianza kwa kidoa cheusi shavuni mwa Mwongozi. Kikapanda. Kabla ya Krismasi, ile Krismasi ambayo siku hizi tunakwenda kazini kama siku nyingine, jicho moja lilikuwa limekwisha kabisa, na kwenye lile lililobaki maji yalikuwa yakishuka tone kwa tone. Wateja wakaanza kuinama nyuma ya vikombe vyao. Nilimsikia mmoja akinong'ona, “Guide eko analia,” na meza nzima ikakohoa ili isicheke.

Habari ilimfikia Papa Kasongo kabla vikombe havijaoshwa. Alikuja na kitenge kingine kipya kwapani.

“Munamufanya nini Guide hapa?”

“Ni mayi, Papa. Frigo inatokaka mayi.”

“Mayi! Frigo ya bengine haitokake mayi. Ya weye tu njo inalia?”

Akatandika kile kipya. Kabla mwezi haujaisha kikawa na madoa kama mwenzake.

Sasa nikuambie nilivyojua, maana hakuna aliyenifundisha, ni kazi ya nyumbani tu iliyonifundisha. Ilikuwa karibu sikukuu ya chama, na nilisema Papa Kasongo asije akakuta uso umechafuka. Nikakitoa kitenge nikakifua. Mvua haikukatika, nikakianika jikoni kwenye kamba, na hakikutaka kukauka. Asubuhi yake niliamka na kitambaa changu cha kupangusia mkononi kama kawaida, nikapiga magoti mbele ya friji, na hapakuwa na cha kupangusa. Pakavu. Nikagusa pembe zote. Nikasema labda umeme ulikatika usiku, nikafungua, ndani barafu ni jiwe. Siku iliyofuata pakavu tena. Kitenge kilipokauka nikakipiga pasi, nikakirudisha, na kesho yake kidimbwi kilikuwa mahali pake.

Sikumwambia mtu. Nikakitoa, pakakauka. Nikakirudisha, pakalowa. Mwishowe nilikaa sakafuni, nikafungua mlango na kuufunga polepole, macho yangu yakiwa karibu kabisa na ule mpira unaozunguka mlango, na nikaona. Kila mlango ulipofungwa, pindo la kitenge lilikuwa likiingia katikati na kubanwa. Ni kitambaa tu, mtu anaona mlango umefunga, kumbe haujafunga. Na hewa ya nyumba hii, hewa ya mvua na ya masufuria yangu na ya pumzi za wateja, inapita penye lile pindo, inakuta baridi, inageuka maji palepale, kama inavyofanya nje ya kikombe cha munkoyo baridi. Friji haikuwa inavuja kitu. Siku zote nilikuwa napigana na kilichomo ndani, na maji yalikuwa yanakuja kutoka nje, kupitia ile nguo niliyoipigia makofi.

Nilikasirika, Ngoie. Nilikasirika mpaka nikacheka peke yangu.

Jumamosi ile watu wote walipokwenda kufyeka barabara kwa amri, mimi nilisema mgongo unaniuma, nikabaki. Nikaosha mpira wa mlango kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na mswaki wa zamani, na ule uchafu mweusi uliotoka kwenye mikunjo yake sitaki hata kuueleza. Pembe moja ilikuwa imepinda kwa sababu ya kubana nguo siku zote, nikaikanda kwa kitambaa cha maji moto mpaka ikalainika, nikaivuta kurudi mahali pake. Nikaipaka vazelini. Baba yako aliporudi akanisaidia kuivuta friji mbali kidogo na ukuta ipate kupumua kwa nyuma, na tukasukuma vipande vya mbao chini ya miguu ya mbele, iegemee nyuma kidogo, ili mlango ukiachiwa ujirudishe wenyewe. Halafu nikachukua karatasi ya pakiti yake ya sigara, nikaibana mlangoni, nikaivuta. Mahali ilipotoka bila shida nikakanda tena. Mahali ilipokataa kutoka nikajua pamefunga. Nilizunguka hivyo mlango mzima, juu, chini, pembeni, mpaka karatasi ikakataa kila mahali.

Kitufe cha baridi nikakirudisha katikati, na tangu siku ile sijaingiza sufuria ya moto mle ndani. Mama Mwansa alipochukua samaki wake asubuhi aliwanusa, akanibusu kwenye paji la uso.

Na kitenge sikukitupa. Watu wanaosema nilikitupa ni waongo. Nilikifua tena, nikakipiga pasi, nikakitundika ukutani juu ya friji kwa misumari mizuri, mahali ambapo mtu lazima ainue kichwa kumtazama. Nadhani ndiyo siku ya kwanza Mwongozi alikaa nyumbani kwetu bila kulowa.

Papa Kasongo akaja. Palikuwa pamejaa watu, wa zamu ya kwanza walikuwa wametoka kazini.

“Nani alitoa Guide pa frigo?”

“Njo minye, Papa. Nilimuweka pa ukuta, pa juu. Pa frigo pindo ya nguo inaingiaka mu mulango, mulango haifunge, na njo mayi inamuharibu.”

“Ordre ilisema frigo.”

“Ordre ilisema bantu bamuone. Banamuona. Na sasa iko na macho yote mbili.”

Watu walicheka. Wewe pia ulicheka, nilikuona, ulijifunika mdomo kwa daftari. Na hapo ndipo nataka usimame kidogo. Kitenge kingeweza kusuluhishwa. Papa Kasongo si mtu mbaya kuliko wengine, alikuwa anauza mitumba kabla hawajampa kofia, na nadhani siku ile alikuwa anatafuta namna ya kukubali. Lakini mimi nilikuwa nimeona watu wako kimya wananisikiliza, na kauli ilinijia mdomoni tamu, nikaitoa. Kile kicheko ndicho alichokwenda nacho nyumbani. Mara nyingi nimejiuliza kama ningeimeza ile kauli. Jibu ninalojipa kila mara ni kwamba ningeisema tena, ila ningeisema akiwa peke yake.

Watu wa chama waliniita ofisini kwao. Nilikaa kwenye benchi siku nzima bila maji, na jioni kijana mmoja akaniuliza nilikuwa na maana gani kusema Mwongozi alikuwa na jicho moja. Nikamweleza habari ya mpira, na pindo, na hewa ya mvua. Alinitazama kana kwamba ninamtukana. Mwishowe akasema nirudi nyumbani nikarudishe nguo mahali pake. Nikasema nimesikia. Nilirudi, na sikuirudisha.

Miezi ikapita. Hakuna aliyekuja. Papa Kasongo alikuwa akipita barabarani ananisalimu, namjibu, na mimi nikatembea Kikula nzima nikiinua shingo, nikijiona nimeshinda. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika jambo hili lote, na nataka ulichukue liwe funzo lako bila kulilipia. Mtu wa namna ile hasahau wala hana haraka. Anasubiri siku utakapohitaji kitu. Mimi nilikuwa nangoja waje wachukue friji, wanifunge, wavunje vikombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo yote. Sikujua kwamba alikuwa anakungoja wewe ukue.

Barua ya masista ilipofika tukacheza hapa ndani, unakumbuka, mpaka Mama Mwansa akavua kilemba. Wiki hiyohiyo ukaenda kuomba sahihi, ukarudi na karatasi tupu. Usiku ule baba yako alinisemesha ukiwa umelala, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

“Rudisha tu ile nguo, bibi yangu. Siku moja. Mutoto aende ku masomo.”

“Na kiisha?”

“Kiisha utaitoa.”

“Haitatoka tena. Unajua vile haitatoka tena.”

“Minye kila asubuhi ninaimba nyimbo yabo ku kazi mbele ya kushika chombo,” akasema. “Ninaimba, ninacheza, na huu mugongo yangu. Haikuniua. Juu ya nini weye njo utakufa na kitambala?”

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na niligeukia ukutani. Usimdharau baba yako kwa maneno hayo. Ameimba ili sisi tule. Tuko watu wa namna mbili katika nyumba moja, na wewe umelelewa na wote wawili.

Sasa nafika jana.

Papa Kasongo alikuja mchana, wateja wakiwepo, na nadhani aliwataka wawepo, maana walikuwepo siku ile ya kicheko. Alikuwa na karatasi yako mkononi na kalamu. Alisimama juu ya kiti, akakishusha kitenge ukutani yeye mwenyewe, akakiweka mezani mbele yako. Hakunitazama mimi.

“Sitaki kelele,” alikwambia. “Ngoie, mutoto yangu, kamata hii nguo, uiweke pa frigo kama vile minye niliiwekaka. Ukimaliza, ninasinye hapa hapa.”

Ulikuwa umenipa mgongo. Nilikuwa naona visigino vyako tu na mafundo ya nywele nilizokusuka Jumapili. Uliinamisha kichwa juu ya kitenge kwa muda. Halafu ulikichukua kitenge, ukakikunja mara ya kwanza, ukakikunja tena, ukakilainisha kwa kiganja, na ukampa kwa mikono miwili, magoti yameinama kidogo, kama unavyompa mtu mzima chakula.

“Pardon, Papa Kasongo,” ulisema. “Mulango haitafunga. Na samaki ya Mama Mwansa iko ndani.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Alitia kalamu mfukoni, akachukua nguo yake, akatoka. Wateja walilipa wakaondoka mmoja mmoja bila kelele, na wewe ukaenda uani kufua kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu jana watu wanapita wanatikisa vichwa. Wanasema, ona, amemfundisha mtoto ukaidi wake. Wanasema mtoto amefanya vile kwa kumwogopa mama. Na nimeona macho yako tangu jana, unanitazama kama mtu anayengoja kusifiwa na yule aliyemwiga.

Ngoie, hukuniiga mimi.

Ulipokuwa umenipa mgongo, kabla hujanyoosha mkono kwenye ile nguo, mimi nilikuwa nimekwisha kukubali. Juu ya friji palikuwa na sahani ya ndizi na ile nguo yangu nyeupe ya kufuma. Niliondoa sahani nikaiweka chini, polepole isitoe sauti. Niliikunja nguo yangu. Nikapangusa vumbi kwa kiganja, kuanzia nyuma mpaka mbele, nikapaacha pasafi, pakiwa tayari kwa kitenge chake. Nilikuwa nasema moyoni, iende nguo, waende samaki, na maji yamwagike mpaka barabarani, mtoto wangu asome. Mimi, mama mkaidi wa Kikula. Wateja walikuwa wanakutazama wewe, Papa Kasongo peke yake ndiye aliyeniona. Alikuwa ananitazama juu ya bega lako, na ndiyo maana alikuwa anatabasamu. Wewe ulidhani anakucheka wewe.

Kisha ukasema yale maneno yako, kwa sauti ya chini, bila kumtafuta mtu wa kucheka, na lile tabasamu likamtoka.

Nilirudisha sahani ya ndizi mahali pake kabla hujageuka. Nimeona aibu tangu jana, na nimeona fahari, na siwezi kuzitenganisha. Nilitaka kukuambia jana usiku na mdomo ukakataa. Nimekuandikia kwa sababu sitaki uondoke hapa umebeba ugomvi wa mama yako kichwani kama mzigo ulioazimwa. Si wangu tena. Nilikuwa nimeuacha, wewe ukauokota, na uliuokota vizuri kuliko nilivyoushika mimi, kwa adabu, magoti yameinama. Kwa hiyo wakikuuliza huko karatasi iko wapi, usiseme mama alinikatalia. Sema wewe ndiye uliyekataa. Kama watataka kujua mama yako alisema nini, waambie ukweli, kwamba alikuwa amekwisha kupangusa vumbi.

Barua hii sikuambii uichome. Wengine wangekuambia. Mimi nasema iweke unapotaka.

Ninaogopa. Nisikufiche, naogopa masista watafunga lango, naogopa utalala stesheni. Lakini sikia hili, na hili ni agizo, la pekee nitakalokupa katika barua nzima. Wakikupokea, soma. Wakikurudisha, usingoje giza ili ushuke watu wasikuone. Usipite njia ya nyuma ya makaburi. Shuka mchana, sanduku kichwani, pita katikati ya soko la Kikula, msalimie kila mtu kwa jina lake, na ukifika mbele ya nyumba ya Papa Kasongo simama umsalimie na yeye, umwulize habari za watoto. Mimi nitakuwa nimesimama katikati ya barabara mbele ya wote, napiga vigelegele mpaka wanaokutazama waone haya.

Mama yako